Wawindaji wa Chini ya Jani

Mkewe alipofariki, Fundi Saa alifunga kibanda chake cha kutengeneza saa, akachukua ndoo ya marehemu, akaanza kumwagilia nyanya. Hakuna aliyemtuma. Majirani walisema ni majonzi tu, mwacheni, wiki chache zikipita atarudi kwenye meza yake. Lakini wiki zilipita, miezi ikaingia, na kila kulipopambazuka alionekana akishuka kichochoro cha nyuma ya nyumba, buti za mpira miguuni, shingo imeinama kidogo, kama mtu anayetembea usingizini ila njia anaijua.

Bustani haikuwa kubwa. Vilikuwa vipande viwili vilivyolala kando ya mfereji, nyuma ya karakana ya kupasulia mbao. Kimoja kilikuwa cha marehemu, kingine cha mdogo wake, na katikati palikuwa na njia nyembamba ya kupitishia toroli. Ndugu hao wawili walikuwa wamerithi ardhi hiyo kwa mama yao, na miaka yote walilima wakirushiana maneno juu ya njia ile, mmoja akipalilia, mwingine akifunga nyanya kwenye fito, umbea ukipita huku na huku kama mpira.

Sasa ng'ambo ya njia alibaki shemeji peke yake. Sokoni walimwita Kipaza, kwa sababu ya sauti. Ilisemekana akikohoa nyumbani kwake, mbwa wa mtaa wa pili hubweka. Tangu msiba sauti hiyo ilikuwa imepungua, lakini upole wa Kipaza bado ulikuwa kelele za mtu mwingine.

Fundi alikuwa amefanya kazi ya kuketi tangu ujana wake, jicho moja limefumbwa, jingine limebana lenzi, akiishi ndani ya vitu vidogo kuliko punje ya mchele. Bustanini kila kitu kilikuwa kikubwa na cha polepole. Alikuwa akimimina maji kwenye shina moja, akayatazama yanavyozama na udongo unavyobadilika rangi, na akija kuinua kichwa jua limeshavuka paa la karakana. Saa nyingine alimsikia mkewe akisafisha koo, mistari miwili mbele. Hakugeuka. Si kwamba aliogopa. Hakutaka kuikimbiza ile sauti.

Nyanya zenyewe zilikuwa na habari yake. Marehemu alisia mbegu kitaluni wiki ile ile alipoanza kuugua. Miche ilichipua yeye akiwa hospitali. Baada ya mazishi Fundi aliikuta imebanana, mirefu na dhaifu, inatafuta mwanga, na shemeji akamfundisha kuihamisha: shika jani, usishike shina, bonyeza udongo kwa vidole, mwagia, nenda kwa mwingine. Kwa hiyo kila shina lililosimama pale lilikuwa limeanzia kwenye kiganja cha mtu ambaye hayupo tena. Wote wawili walilijua hilo, na hakuna aliyelitamka.

Ugonjwa ulianza kama vumbi. Majani ya pembeni, upande wa mfereji, yaliota vidoa vyeupe vidogo vidogo, kana kwamba mtu amepita akiyadunga kwa ncha ya sindano. Fundi alidhani ni unga wa mbao kutoka karakana. Alipitisha kidole gumba chini ya jani, kikatoka na alama nyekundu kama kutu. Akajifuta kwenye suruali, akaendelea na shughuli zake.

Kisha asubuhi moja yenye ukungu alifika akakuta bustani imevikwa hariri. Kwenye vilele vya mistari ya pembeni, kutoka jani hadi jani, kutoka fito hadi fito, ulitandazwa utando mwembamba, na umande ulikuwa umeshika kila uzi. Jua lilipochomoza ulimeta wote kwa pamoja. Fundi alisimama na ndoo yake, maji yakimwagikia buti. Tangu mkewe aondoke hakuwa ameona kitu kizuri namna ile. Ilikuwa kama kuamka ndani ya ndoto ya mtu mwingine.

"Shemeji!" aliita. "Hebu njoo uone uzuri huu!"

Kipaza alikuja na jembe begani. Alitazama mara moja tu, jembe likaanguka, mikono ikapanda kichwani.

"Uzuri? Shemeji, hiyo ni sanda! Nyanya zimevishwa sanda, nawe unaniita nije nione uzuri?"

Alasiri ile Fundi alirudi nyumbani, akavuta mtoto wa meza, akatoa lenzi ambayo hakuwa ameigusa tangu msiba. Aliketi dirishani na jani moja mkononi.

Mwanzoni hakuelewa alichokiona. Chini ya jani palikuwa na nchi nzima. Palikuwa na mabonde na vilima vya kijani, na vinywele vilivyosimama kama msitu wa mianzi, na kati yake walitembea wekundu wanene wenye miguu minane, taratibu, kama wageni walioshiba. Mayai yao yalitapakaa kila mahali, ya mviringo, yanapitisha mwanga kama shanga. Wengine walikuwa wameinamisha vichwa wanafyonza, na pale walipofyonza jani liligeuka jeupe. Jani moja lisilozidi kiganja lilikuwa na wakazi wengi kuliko mtaa wake. Fundi alitazama mpaka jioni ikamnyang'anya mwanga, na alipoitoa lenzi jichoni alihisi chumba kimekuwa kikubwa kupita kiasi, naye amebaki mdogo katikati yake.

Kipaza hakuwa mtu wa kukaa akitazama. Alikwenda duka la pembejeo, akarudi na dawa, akabeba pampu mgongoni, akapuliza kwake na kwa dada yake. Siku chache wadudu walionekana kupungua, kisha wakarudi kwa kishindo. Akaongeza dawa ya pili, akaichanganya na ya tatu aliyopewa na rafiki yake wa sokoni, mchanganyiko wenye harufu ya kupasua kichwa. Kikafa kila kitu kingine. Buibui walikauka wakiwa wananing'inia. Vile vidudu vya mgongo mwekundu wenye madoa meusi vililala chali ardhini, na nyuki wakayasusa maua ya bilinganya za ukingoni. Wale wekundu tu ndio walioshamiri. Majani ya nyanya yaligeuka rangi ya shaba, kisha ya kahawia, yakajikunja kama karatasi iliyopitishwa juu ya moto.

"Naona kama tunawalisha," Fundi alisema.

"Basi toa akili yako, shemeji. Mimi maji yamenifika shingoni."

Akili yake ilikuwa moja tu, kumwita bibi shamba.

Alikuja kwa pikipiki, binti mrefu mwenye kofia ngumu iliyorukiwa na matope, na tabia yake ilikuwa kuchuchumaa kwanza ndipo asalimie. Alipekua majani ya chini, akapekua na mnavu ulioota wenyewe ukingoni mwa mfereji, akatikisa kichwa.

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Mnisamehe, nimeanza na wagonjwa."

"Marahaba, mwanangu," Fundi alijibu. "Ni nini hiki kimetuingilia?"

"Utitiri mwekundu. Huyu si mwenyeji hapa, baba. Amesafiri. Labda kwenye miche, labda kwenye matunda ndani ya kreti, hakuna anayejua hasa. Huko kwao ana maadui wanaompunguza kila siku. Huku amefika peke yake, maadui wamebaki nyumbani. Amekuta meza imeandaliwa na wa kumfukuza hayupo."

"Na dawa je?" Kipaza aliuliza.

"Anaizoea upesi, mama. Anazaliana haraka mno. Wanaopona wanazaa wagumu kama wao, na wanaokufa ni wale wadudu wetu waliokuwa wakimsumbua angalau kidogo."

Kipaza alikunja uso. "Kwa hiyo nimewafagilia njia."

"Karibu kila mkulima amewafagilia. Mimi mwenyewe, kabla sijasomea, nilizipulizia nyanya za mama yangu mpaka zikaisha zote. Bado ananitania."

Fundi alimpa lenzi yake, naye bibi shamba akampa yake, wakachuchumaa wote wawili chini ya jani moja kama watoto wanaochungulia tundu la ufunguo. Na hapo ndipo binti alipowaeleza habari ya wawindaji. Watafiti walikuwa wamefunga safari hadi huko utitiri ulikotoka, wakamsaka adui yake. Walimpata, naye pia ni utitiri, mdogo zaidi, mwepesi, haonji jani hata akifa njaa. Chakula chake ni wenziwe tu. Kwenye kituo cha utafiti walikuwa wakimfuga kwenye mimea ya maharage.

"Nitawaombea kituoni," alisema. "Lakini mkishawapokea, pampu inalala. Kwako baba, na kwako mama. Upepo haujui mpaka uko wapi."

"Kuleta wadudu ili tupunguze wadudu," alisema Kipaza. "Haya. Sokoni nimesikia mengi, ila la leo limevunja rekodi." Akakubali shingo upande.

Siku zilizofuata zilikuwa za kazi tupu. Mashina yaliyokwisha kabisa waliyang'oa, wakayatia ndani ya magunia pale pale yaliposimama ili utitiri usidondoke njiani, wakayachoma kwenye shimo. Waling'oa mnavu wote wa mferejini, kwa kuwa ulikuwa nyumba ya akiba ya wadudu. Bibi shamba aliwaagiza waanze kila siku na mistari yenye afya, wamalizie na iliyougua, kisha nguo ziende moja kwa moja kwenye beseni, maana utitiri hupanda mkono wa shati kama abiria. Fundi alifua shati lake kila jioni. Alikuwa hajui kufua. Mwanzoni povu lilimfika viwikoni na shati likabaki vile vile.

Wawindaji wakafika katika boksi jepesi, wamelazwa kwenye majani ya maharage chini ya kitambaa chenye unyevu. Kwa macho matupu halikuonekana jambo la kutia matumaini. Kipaza alichungulia, akasonya.

"Mbona ni majani tu?"

"Weka lenzi, mama."

"Wekeni nyinyi wenye macho ya saa."

Fundi aliweka. Akaona kitu kidogo chenye umbo la tone la maji, kinang'aa, miguu ya mbele mirefu inapapasa kama mkono wa mtu gizani. Kilikimbia. Katika ile nchi ya walioshiba, huyu peke yake ndiye aliyekuwa na haraka. Alikifuata mpaka kikapotea nyuma ya mshipa wa jani, na bila kutarajia akajikuta anatabasamu.

Wakapita mstari kwa mstari, wakilaza jani la harage kwenye kila shina, lililoelekea ndani, mahali penye kivuli. Fundi aliyaweka taratibu, kama mtu anayemfunika aliyelala asimwamshe. Bibi shamba akawasha pikipiki, akaondoka, na bustani ikarudia ukimya wake.

Kisha likaanza lile gumu kuliko yote, la kungoja.

Joto lilikuwa limeshika. Mchana hewa ilitetemeka juu ya mistari na fito zikaonekana kama zimesimama ndani ya maji. Msumeno wa karakana ulivuma, ukanyamaza, ukavuma tena, mpaka mtu akashindwa kujua kama anausikia au anaukumbuka. Fundi alimwagilia, akatazama, akamwagilia. Majani ya maharage yalikauka yakadondoka. Utando haukupungua, kwenye mistari ya upande wa Kipaza ulikuwa umenenepa kiasi kwamba ukiugusa unavutika kama pamba. Kila asubuhi shemeji alisimama njiani, mikono kiunoni, akiuliza kwa macho, na kila asubuhi Fundi alimjibu, "Wapo. Nimewaona. Wachache, lakini wapo." Kipaza aligeuka bila neno, na huko kugeuka bila neno kulimtisha Fundi kuliko makelele.

Siku moja, jua la utosi, alijinyoosha chini ya turubai walilolifunga kando ya tangi la maji. Usingizi ukamchukua. Akajiona anatembea chini ya jani. Jani lilikuwa dari ya kijani, juu sana, na mwanga ulipenya ndani yake kama kupitia chupa. Mapazia meupe yalining'inia pande zote na kila alipolisogeza moja alikuta jingine. Hakuwa na hofu. Mbele yake kulikuwa na mtu anatembea na ndoo, nyayo zake zimelowa, na maji yalikuwa yakichuruzika, chuu, chuu, chuu. Aliongeza mwendo. Akataka kumwita, jina likawa zito ulimini. Yule mtu hakugeuka, lakini alipunguza hatua, kama anayesubiri. Chuu, chuu, chuu.

Sauti ikakataa kuwa ya maji. Fundi alifumbua macho.

Ilikuwa pampu.

Kipaza alikuwa katikati ya mistari ya marehemu, kitambaa kimefungwa puani, mkono wa kushoto unasukuma, wa kulia unapuliza. Ukungu wa dawa ulikuwa umetanda juu ya nyanya na upinde mdogo wa mvua umesimama ndani yake, wazi kabisa, na kwa pumzi moja Fundi hakujua kama ameamka.

"Shemeji!" Alikimbia bila buti. "Shemeji, acha! Unawaua!"

"Nani? Nani ninayemuua?" Kipaza aliking'oa kitambaa. Ile sauti yote iliyokuwa imefungiwa tangu msiba ilitoka siku hiyo. Kule karakana msumeno ulinyamaza. "Umelala! Dada yangu anakufa mara ya pili, na wewe umelala! Kwangu zimekwisha, nimenyamaza, nikasema zangu nitapanda nyingine. Hizi nitazitoa wapi? Hizi nani atazisia tena?"

Fundi alimsogelea. Aliona mikanda ya pampu ilivyomkata mabega, aliona dawa ilivyovuja ikamlowesha mgongo. Akamzunguka kwa nyuma, akamvua pampu kama anavyovuliwa koti mgeni aliyetoka mvuani. Ilikuwa imebaki nyepesi. Karibu bustani yote ilikuwa imepulizwa.

"Nenda kwanza ukaoge," alimwambia. "Dawa hiyo inaingia mwilini."

"Niache."

"Nenda, shemeji. Halafu urudi. Mimi nitakuwepo."

Kipaza aliporudi, nywele zimelowa, khanga imebadilishwa, alimkuta Fundi yuko magotini, lenzi jichoni, anapekua. Alikuwa ameanza mstari wa kwanza. Alikuwa ameona wawindaji kadhaa, wote wamekunja miguu. Kwenye majani mengi utitiri mwekundu ulikuwa unatembea kana kwamba hakuna lililotokea. Hakumwambia. Alisogea shina hadi shina, na shemeji akamfuata kwa nyuma, akimwinulia matawi.

Walifika mstari wa mwisho, ule wa kando ya tangi, jua limeanza kulegea. Pampu haikuwa imefika pale. Fundi alikuwa amelala futi chache tu kutoka hapo. Tangi lilivuja kidogo na udongo wake haukukauka kamwe, na majani ya chini yalikuwa yamelala mazito, ya baridi. Fundi aligeuza moja. Akageuza la pili. Akalisogeza karibu na lenzi.

"Nini?" alisema Kipaza.

"Njoo. Fumba jicho hilo. Usilibane sana."

Mara hii hakukataa. Alipiga magoti pembeni yake, akapokea lenzi, akahangaika kuipachika, ikadondoka, akaipachika tena. Fundi alimshikia jani lisitikisike.

Ilichukua muda. Kisha mwili wa Kipaza ukatulia wote.

"Kuna mwekundu," alisema. "Mnene. Na kuna... huyu mdogo. Anakuja. Anamgusagusa." Kisha mwanamke yule ambaye soko zima lilimsikia akanong'ona. "Amemkamata. Anakula, shemeji. Anamnywa kama juisi. Amebadilika rangi, tumbo limekuwa jekundu."

"Wapo wengine?"

"Wapo. Wapo wengi hapa. Na mayai, ya kwao ni marefu kidogo, eti?"

"Ni ya kwao."

Aliitoa lenzi, akafuta jicho kwa mkono. Walikaa matopeni, migongo kwenye tangi, kama watu waliokoswa na gari.

"Nisamehe," alisema Kipaza.

"Nimelala kweli," alisema Fundi. "Hukukosea. Nimelala tangu siku ile."

Walimpigia simu bibi shamba, wakamweleza ilivyokuwa bila kuficha. Yeye akauliza wawindaji wamebaki wapi, wangapi, na jani likoje. Kituoni kwa wakati huo hawakuwa na wengine wa kutoa. Aliwaambia wasihamishe mwindaji hata mmoja kwa sasa. Dawa iliyobaki kwenye majani ingemuua naye. Wayaoshe majani kwanza kwa maji matupu, juu na chini, siku baada ya siku, na mstari wa tangi wauache upumue.

Basi wakaosha. Bustani nzima, jani kwa jani, kwa ndoo na kitambaa laini. Haikuwa kazi ya watu wenye akili timamu, na wafanyakazi wa karakana walipanda juu ya magogo kuja kuwatazama, wakiuliza kama baada ya kuziogesha nyanya watazipaka na mafuta. Kipaza aliwarudishia maneno yao na nyongeza. Lakini mkono wake juu ya jani ulikuwa mwepesi, na Fundi aliona kwamba anavyolishika, kati ya kidole cha kati na gumba, ndivyo alivyokuwa akishika marehemu.

Wakati wa kazi hiyo ndefu, yenye maji na kivuli, walianza kuzungumza habari zake. Mpaka hapo hawakuwa wamethubutu.

"Alikuwa anakuonea wivu, unajua?" Kipaza alisema siku moja, kitambaa mkononi. "Alisema, mume wangu amejaliwa, anakaa siku nzima na vitu visivyonyauka."

Fundi alicheka, na kicheko kikamgeukia njiani, ikambidi ainame kwenye ndoo muda mrefu kuliko inavyohitajika kukamua kitambaa. Alipoinuka alimwuliza marehemu alikuwa akiimba nini bustanini asubuhi, kwa maana nyumbani hakuimba kamwe. Kipaza akamwambia hakuwa akiimba, alikuwa akizigombeza nyanya kwa sauti ya wimbo, kila shina na makosa yake. Akaiga. Aliiga vizuri sana. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mferejini, na kwa kitambo kidogo walikuwa watatu pale.

Bibi shamba aliporuhusu, walianza kukata majani ya chini ya mstari wa tangi, machache machache, na kuyabeba kwenye ungo uliofunikwa kwa khanga yenye maji. Jani moja kwa kila shina. Fundi alitazama na kusema yupi apelekwe wapi. Kipaza, aliyekuwa na mkono usiotetemeka, alilaza. Pampu ilining'inizwa nyumbani kwake nyuma ya mlango, ikageuka mahali pa kutundika kofia.

Mabadiliko hayakuja na shangwe. Yalikuja kama nuru ya alfajiri, ambayo huwezi kusema imeanza dakika ipi. Utando ulianza kuonekana mkuukuu, umeshika vumbi, umechanika, hakuna anayeukarabati. Chini ya lenzi, vile vijiji vilivyojaa viligeuka mahame: maganda meupe, mayai matupu, na katikati yake mmoja mmoja wale wa umbo la tone wakikimbia kutafuta. Kisha vilele vikatoa jani jipya, kijani safi lisilo na kidoa, halafu jingine. Buibui wa kawaida walirudi. Nyuki mmoja akaja kwenye bilinganya, akazunguka kama anayekagua nyumba ya kupanga, akaondoka, akaja na wenzake.

Sehemu kubwa ya msimu ilikuwa imepotea, hilo lazima lisemwe. Kwa Kipaza hapakubaki kitu. Alilima upya, akapanda miche mipya. Kwa marehemu yalisimama mashina machache, mengine yamekonda kama vijiti, na hayo ndiyo yaliyozaa. Nyanya hazikuwa kubwa. Ngozi zake zilikuwa na makovu madogo ya shaba. Ya kwanza kuiva Fundi aliigawa kwa kisu cha mfukoni, wakala wamesimama njiani pale pale, ina joto la jua ndani yake, maji yakiwatiririka mpaka viwikoni.

Utitiri haukuisha kabisa. Bibi shamba aliwaambia usitarajiwe kuisha. Wawindaji nao wanahitaji kula. Kila baada ya siku kadhaa walipekua majani ya chini, waking'oa mnavu kabla haujakomaa, na walipoona kidoa walikitia alama kwa kipande cha uzi kwenye fito, wakakiacha wawindaji wakishughulikie.

Ilikuwa mwishoni mwa msimu huo ambapo mwanamke mmoja wa ng'ambo ya mfereji, aliyekuwa na pacha wake mmoja mgongoni na mwingine amemshikilia sketi, alisimama ukingoni akawapungia. Walikuwa wakimfahamu kwa kuonana tu. Watu walimwita Mama Pacha, na alilima nyanya na hoho kwa maji ya mfereji ule ule.

"Hodi jamani! Eti kwangu kumekucha kuna utando umejaa," alisema kwa sauti iliyokuwa inajitahidi isitetemeke. "Unang'aa ajabu. Mume wangu amekwenda kutafuta dawa."

Fundi na shemeji walitazamana.

"Ameshapuliza?" Kipaza aliuliza.

"Bado. Yuko njiani."

"Mpigie simu arudi. Mwambie ageuze, arudi mikono mitupu. Sisi tunakuja."

Fundi alikwenda kwenye mstari wa tangi, akachuchumaa, akaanza kugeuza majani. Alikata yale yaliyokuwa na wawindaji wengi, akayapanga kwenye ungo, yameelekea juu. Kipaza alilowesha khanga mferejini, akaikamua, akafunika. Kuvuka kulikuwa na ubao mmoja mwembamba uliotupwa juu ya maji. Kipaza alitangulia kinyumenyume, ameshika ungo upande mmoja, naye Fundi ameshika upande wa pili, wakisogea taratibu, maji yakipita chini yao yamebeba vumbi la mbao na mawingu. Ng'ambo, Mama Pacha alikuwa amemweka mtoto chini, amenyoosha mikono yote miwili kuupokea.

"Ni nini humo?" aliuliza.

"Subiri tufike," alisema Fundi. "Ni wadogo, wataka mahali penye kivuli."